Kifaa cha kusikia cha mama kinapiga mluzi, awekewe kipandikizi?

Dada, mluzi peke yake si sababu ya kumpeleka mama kwenye upasuaji. Akaguliwe nta kwanza, na kile kiziba cha sikioni kinachoshikilia kifaa. Kikilegea, mluzi hauishi.

Kipandikizi ni habari nyingine. Kifaa cha kawaida hupaza sauti tu, kwa hiyo kinategemea sikio la ndani liwe bado na uhai. Kipandikizi cha koklea, yaani sehemu ya kusikia ya sikio la ndani, hulipita eneo lililoharibika na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kuvipandikiza mwaka 2017. Ila msitegemee atoke chumba cha upasuaji anasikia: huwashwa wiki kadhaa baadaye, na wengi husema sauti mwanzoni ni kama ya roboti. Ubongo huzoea kwa miezi ya mazoezi. Halafu usikivu uliobaki kwenye sikio hilo unaweza kupotea kabisa, ndiyo maana hawamwekei mtu ambaye kifaa cha kawaida bado kinamfaa.

Kama shida ni usaha wa sikioni usiokauka, ulizieni kifaa cha kusikia cha kwenye mfupa nyuma ya sikio, hakizibi tundu la sikio. Anzeni na kipimo cha usikivu, na aende na kifaa chake.