Maswali yenu: viungo vya fajita, nyama ya kuchoma ya Texas

Shikamoo mama. Nilifuata maelezo ya Kimarekani, nikatia vijiko viwili vya chakula vya chili ya unga kwenye kilo ya nyama. Watoto walilia, chakula tukakitupa. Nilikosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu, poleni sana. Chili ya unga ya Texas si pilipili tupu. Ni mchanganyiko wa pilipili kavu zisizo kali sana, uzile (bizari nyembamba), kitunguu saumu na oregano (majani makavu ya kunukia), na umekuwa ukiuzwa huko tangu miaka ya 1890. Pilipili ya unga ya sokoni kwetu ni pilipili kali imesagwa na mbegu zake. Robo kijiko cha chai yatosha kilo nzima. Wekundu utafute kwenye paprika, yaani pilipili tamu iliyokaushwa.

Na unga mwekundu kupita kiasi uache hapo hapo dukani. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani zaidi ya aina 400 za vyakula kwa sababu ya pilipili iliyotiwa Sudan I, rangi ya viwandani. Pilipili nzima huwezi kudanganywa nayo kirahisi. Nunua nzima, saga mwenyewe.

Unasema tutie bizari. Bizari gani? (Wengi)

Nimelijibu swali hili mara nyingi, na bado napata barua za watu waliotia manjano. Ni bizari nyembamba, ile ya pilau. Unguja huitwa uzile, Mombasa wapo wanaoiita jira. Manjano siyo, na bizari ya mchuzi siyo. Ukifika dukani ukasema "nipe bizari" bila jina la pili, utapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Mwambie akufungulie, uisugue kwenye kiganja. Ikiwa hainukii, mrudishie.

Naweza kutumia mchuzi mix?

Hapana.

Naomba vipimo kamili, na namna ya kusaga. (Msomaji, Tanga)

Kwa kilo moja ya nyama chukua uzile vijiko viwili vya chai, giligilani kavu kimoja, paprika vitatu, kitunguu saumu cha unga kimoja, oregano kimoja, pilipili manga nusu, na pilipili kali ile robo niliyoitaja. Uzile, giligilani na pilipili manga ziwe nzima. Zitie kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, na usiondoke. Kwanza hakuna kitu, halafu uzile unaanza kurukaruka na rangi yake inaiva kidogo. Harufu ikishakufikia pale uliposimama, mimina kwenye sahani saa ile ile, maana ukiziacha kikaangoni zinaendelea kuungua na uchungu wake hautoki tena. Zikipoa kabisa, twanga kwenye kinu au saga, ndipo uchanganye na zilizobaki. Oregano ifikiche kwa vidole.

Chumvi sijaitaja kwa makusudi. Itie kwenye nyama siku ya kupika, vijiko viwili vya chai kwa kilo. Pakiti nyingi za dukani zimejaa chumvi, sukari na wanga. Soma orodha iliyo nyuma: kinachotajwa kwanza ndicho kingi zaidi, nawe umelipa bei ya viungo.

Nimechanganya viungo hivyo na kitunguu saumu kibichi na mafuta, nikaweka kwenye chupa kabatini. Vitakaa muda gani?

Mwaga leo. Kitunguu saumu kibichi kikizamishwa kwenye mafuta nje ya friji huweza kuotesha bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa kupoozesha mwili, na sumu yao haina harufu wala ladha ya kukuonya. Mwaka 1985 watu waliokula kwenye mkahawa mmoja wa Vancouver, Kanada, waliugua kwa sababu hiyo hasa. Chupa iwe ya viungo vikavu, na kijiko kinachoingia kiwe kikavu. Kitunguu kibichi kiponde siku unayopika.

Mwenyeji wangu hapa Houston anasema fajita za asili hazikuwa na viungo vyote hivi. Ni kweli?

Kwa kiasi kikubwa ni kweli, na ningependa wengi walijue hili. Fajita ni jina la nyama kabla ya kuwa jina la viungo. Faja kwa Kihispania ni mshipi, na fajita ni ule ukanda wa nyama ya kiwambo, kati ya mapafu na tumbo la ng'ombe. Wachungaji wa Kimeksiko kusini mwa Texas walipewa kama sehemu ya ujira kwa kuwa matajiri hawakuitaka, wakaichoma juu ya makaa. Muuza nyama Sonny Falcón aliiuza kwenye sherehe za mji wa Kyle, Texas, mwaka 1969, na hapo hapo kwenu Houston, Ninfa Laurenzo akaiingiza mkahawani kwake miaka ya sabini.

Basi viungo vipake kwa wepesi, ladha ya nyama ibaki. Ukiiloweka nyama kwenye ndimu, isizidi muda wa saa mbili, la sivyo nyama inalegea juu kama imechemshwa. Choma kwa moto mkali, ipumzishe, kisha tazama nyuzi zake zinaelekea wapi, zinaonekana wazi kama za mkeka. Kisu kizikate kwa kukingama, vipande vyembamba. Ukikata kwa kufuata nyuzi utatafuna mpaka taya ziume, na hakuna kiungo kitakachokusaidia.