Fildi ya pamoja kwa mwanafunzi wa udaktari: nilichokiona mimi

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya mwanafunzi wa udaktari kukaa wiki sita kijijini na wenzake wa uuguzi, famasia, maabara na afya ya mazingira, wakati angeweza kubaki wodini. Mimi nililalamika hivyohivyo nikiwa mwaka wa nne. Nikupe kisa kimoja tu.

Tulikuwa watano kwenye zahanati moja, umeme wa sola, hadubini hakuna. Akaja mama na mtoto wa miaka miwili, homa siku ya tatu. Kipimo cha haraka cha malaria kikatoa mistari miwili, nami kalamu tayari, naandika mseto, dawa ya malaria. Wa famasia akamuuliza mama kama mtoto alishatumia mseto karibuni. Ndiyo, siku 12 zilizopita. Dozi zote 6? Ya pili ulimpa baada ya saa 8, au ulingoja kesho yake? Alimeza na nini? Mama alijibu yote sawasawa, hadi uji wa maziwa.

Basi nikaona huo ni usugu wa dawa, nikaanza kuwaza rufaa! Wa maabara akanituliza: kile kipimo hakioni kimelea chenyewe, kinanasa protini yake, nayo yaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Akatengeneza slaidi, yaani kioo chenye tone la damu ya mtoto, ikapanda bodaboda hadi kituo cha afya.

Sisi tukiwa tunabishana, wa uuguzi alishampakata mtoto. Akasema taratibu, "Jamani, sikio hili linatoa usaha." Chati ya watoto wagonjwa inasema wazi uangalie masikio, na mimi nilikuwa nimeikariri. Majibu ya slaidi yakarudi: hakuna kimelea. Homa ilikuwa ya sikio.

Wa afya ya mazingira alichekesha zaidi. Tulipokwenda nyumbani kumfuatilia mtoto, akakuta chandarua kimefunika kitalu cha mchicha. Hakugomba. Aliomba aone wanapolala: mkeka chini, paa refu, hakuna pa kufunga kamba. Kesho yake alirudi na misumari.

Kero zipo, sikufichi. Kila kozi ilikuja na daftari lake la kusainiwa, msimamizi wangu alifika mara moja, na alama hazikutambua kazi ya pamoja hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kuondoka uliza nani atawasainia madaftari.

Mkifika, ripotini kwa mtendaji wa kijiji, kisha mtafuteni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Bila yeye mtabisha hodi kwenye nyumba tupu, watu wako shamba. Koti jeupe liache zahanati. Na msigawane kaya kwa fani, eti wewe presha, yule vyoo. Ingieni wote, anayeuliza awe mmoja. Siku za kwanza asiwe wewe.

Gambuti usisahau.