Barua kwa Mwanangu: Penseli 1,147 na Madaftari 899

Kisumu, Jumapili jioni

Mwanangu Achieng,

Sisi huku hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema chama chenu hapo Nakuru kimechangiwa penseli 1,147 na madaftari 899, nanyi mnataka kufunga vifurushi vingi iwezekanavyo vya kupelekea shule za msingi, vyote sawa, pasibaki kitu. Umegawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, hakuna kilichokubali pande zote mbili, na sasa wauliza kama namba hizi zina kigawo cha shirika, yaani namba inayozigawa zote mbili bila baki, zaidi ya 1.

Zinacho. Ulichofundishwa shuleni, kuvunja kila namba hadi namba tasa, zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kisha kuokota zile zinazoonekana kotekote, kinafaa sana kwa 36 na 48: unaokota 2 × 2 × 3, unapata 12, umemaliza. Lakini 899 haina kigawo tasa chochote kilicho chini ya 29. Ulikuwa bado una safari ndefu, mama, na ungeifanya mara mbili.

Acha kuvunja. Toa. 1,147 ukitoa 899 inabaki 248. Namba yoyote inayogawa zote mbili bila baki ni lazima igawe na hiyo 248, kwa kuwa ukiondoa mafungu kamili kutoka kwa mafungu kamili, kinachosalia pia ni mafungu kamili. Ukirudi nyuma ni vilevile: kinachogawa 899 na 248 kitagawa jumla yake, ambayo ni 1,147. Kwa hiyo vigawo vya shirika vya 1,147 na 899 ndivyo hivyohivyo vya 899 na 248, hakijapotea hata kimoja, ila sasa unashika namba ndogo zaidi. Likikuingia hilo, mengine yote ni kazi ya mkono tu.

Na badala ya kutoa mara kwa mara, gawa uchukue baki:

1,147 kwa 899, baki 248
899 kwa 248, baki 155
248 kwa 155, baki 93
155 kwa 93, baki 62
93 kwa 62, baki 31
62 kwa 31, baki 0

Namba uliyogawia mara ya mwisho, 31, ndiyo kigawo kikubwa cha shirika. Vifurushi 31, kila kimoja penseli 37 na madaftari 29. Je, kuna kikubwa kuliko hicho? Tazama 37 na 29: zote ni tasa, hazishiriki chochote ila 1. Zingeshiriki 3, kwa mfano, ungezidisha 31 kwa 3.

Njia hii ni ya kale. Mwanahisabati Euclid aliiandika kwa Kigiriki yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, naye alitoa tu, hakujisumbua kugawa. Mfaransa Gabriel Lamé alithibitisha mwaka 1844 kwamba idadi ya hatua haizidi mara tano ya idadi ya tarakimu za ile namba ndogo kati ya mbili. Ya kwako ina tarakimu tatu, kwa hiyo hatua 15 ndio mwisho, nasi tumetumia sita. Nakupa hayo kwa sababu najua kuna watu kwenye chama chenu hawaamini hesabu ya mama wa dukani.

Umetaja pia vifutio 434 vitakavyokuja wiki ijayo. Usianze upya. Chukua 31 uliyoipata uipambanishe na 434 peke yake: inaingia mara 14, baki 0. Vifurushi vinabaki 31, kila kimoja kikiongezewa vifutio 14. Ila vihesabu vizuri vikifika. Vikiwa 435, kigawo kinaanguka hadi 1 na mtabaki na kifurushi kimoja kikubwa kisichobebeka. Hapo mpelekee mjukuu wangu kile kimoja kilichozidi.

Mama yako