Kuanzisha bendi ya metali yenye melodi mkiwa watatu tu: Nightwish walivyoanza kule Kitee

Mkuu uliyeuliza juzi toka Arusha, kwamba mko watatu tu, wewe kinanda, mshkaji gitaa, na dada mmoja wa kwaya mwenye soprano ya kutisha, hamna dramu hamna besi, mnataka kupiga metali, ule muziki wa gitaa zito, ile yenye melodi, na hamjui muanzie wapi. Nimesoma majibu yote, karibu kila mtu anakwambia tafuta dramu kwanza halafu mpige shoo mpaka mjulikane ndo muingie studio. Mimi nabisha. Bendi kubwa kuliko nyingi za muziki huo ilianza na watu watatu wa namna hiyo hiyo, kinanda, gitaa na binti soprano, na mpaka albamu yao ya kwanza inaingia madukani hawakuwa wamepiga shoo hata moja. Naongelea Nightwish wa Finland.

Kwa nini nijibu mimi, ni kwamba nilisoma misitu Joensuu, mji mkubwa wa Karelia Kaskazini, mashariki mwa Finland, na Kitee walikotoka hao jamaa iko hapo kusini kidogo, karibu na mpaka wa Urusi, treni inayoshuka kwenda Helsinki inasimama pale. Na nilikuwa napiga kinanda kwenye kikundi cha wanafunzi tuliokuwa tunarudia nyimbo zao za mwanzo mwanzo, nikitokea kwaya ya KKKT nyumbani, kwa hiyo hayo mambo ya soprano na gitaa zito nimeyahangaikia kwa vidole vyangu.

Kitee yenyewe usiitegemee kuwa jiji. Ni kamji ka watu kama elfu kumi, misitu na maziwa, zamani kalikuwa kanajulikana kwa gongo, yani ukimtajia mzee wa Kifini Kitee anacheka kwanza. Ila kwenye hako kamji watoto walikuwa wanafundishwa muziki kwelikweli. Tuomas Holopainen, mpiga kinanda aliyeanzisha bendi, kazaliwa 1976, piano kaanza mtoto, baadaye akapiga na klarineti. Tarja Turunen, yule muimbaji, ni wa 1977, katokea kijiji cha Puhos hapo hapo Kitee, na wote wawili walipita kwa mwalimu mmoja wa muziki anaitwa Plamen Dimov. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema vijana wa kijijini walijiokotea muziki porini, mpuuze. Walikuwa wanasoma noti kabla hawajaota ndevu. Wenzetu kule shule za muziki zinachangiwa na serikali na halmashauri, hata mji mdogo unazo, hiyo ndo sababu kubwa kuliko hizo hadithi za baridi na giza ambazo watu wanapenda kuzisimulia kuhusu Finland na metali.

Sa sikiliza ilivyokuwa. Tuomas alikuwa tayari anapiga kinanda kwenye bendi za kelele kweli, mojawapo Darkwoods My Betrothed, hiyo ni metali nyeusi, mtu anapiga makelele kama anachinjwa. Julai 1996 wako kisiwani kwenye ziwa Pyhäjärvi, kwenye nyumba ya mapumziko ya familia, wameota moto usiku, ndo likamjia wazo la kufanya muziki wa taratibu wa kuota moto. Kinanda, gitaa kavu lisilo na umeme, sauti ya kike, basi. Metali haikuwepo kabisa kwenye mpango! Akamchukua Emppu Vuorinen wa gitaa, ambaye ni wa 1978, akamchukua Tarja. Mwisho wa mwaka huo wakarekodi demo, yani rekodi ya majaribio, ya nyimbo tatu, mmoja ukiitwa Nightwish na ndo jina la bendi likatoka hapo, mwingine The Forever Moments, wa tatu una jina la Kifini, Etiäinen.

Ukiisikiliza hiyo demo, na mtandaoni ipo, utaelewa tatizo walilokutana nalo. Muziki ni mpole, halafu juu yake kuna binti anayesomea uimbaji wa kiopera, sauti inazidi kukua kila mwezi, inafunika kila kitu. Tuomas mwenyewe ameshaeleza kwamba sauti ya Tarja ilikuwa imeshakuwa kubwa mno kwa muziki wa gitaa kavu. Wangeweza kutafuta muimbaji mwingine mpole, au kumwambia Tarja apunguze. Badala yake wakabadilisha muziki wote ulio chini yake. Mwanzoni mwa 1997 wakamuongeza Jukka Nevalainen kwenye dramu, Emppu akachomeka gitaa la umeme, na hapo ndo ikawa metali. Kwa maneno mengine dramu ilikuja kwa sababu sauti iliihitaji, haikuja kwa sababu kuna mtu kasema bendi lazima iwe na dramu. Hiyo ndo hoja yangu yote kwako mkuu, muanze na sauti ya dada, muone inadai nini.

Aprili 1997 wakaingia studio pale pale Kitee wakarekodi nyimbo saba. Lebo ya Spinefarm ya Helsinki, yani kampuni ya kutoa rekodi, ikawasainisha Mei, wakarudi studio kuongeza nyimbo, na Novemba 1997 ikatoka Angels Fall First. Kuna toleo la mwanzo la kopi 500 lenye nyimbo saba tu, wakusanyaji wanaligombania mpaka leo. Ona sasa walivyokuwa wamejibana: besi hawana, akapiga Emppu mwenyewe. Sauti ya kiume hawana, akaimba Tuomas, na siyo muimbaji, yeye mwenyewe amekiri miaka yote kwamba hapendi alivyosikika, na kweli ukisikia unamuonea huruma. Albamu ina nyimbo za kuota moto zimechanganyika na za kukimbia, haijajua inataka kuwa nini. Lakini ilitoka!

Halafu shoo ya kwanza kabisa ikawa tarehe 31 Desemba 1997, hapo hapo kwao Kitee, mkesha wa mwaka mpya. Na baridi yote iliyofuata walipiga shoo chache sana, kwa sababu Emppu na Jukka walikuwa jeshini, kule kijana wa kiume anaitwa jeshi kwa lazima kama JKT ya mujibu wa sheria huku kwetu, na Tarja yuko bize na masomo. Kwa hiyo wale mnaomwambia jamaa bendi isiyopiga shoo kila wikiendi imekufa, hii hapa ilikuwa nusu iko kambini nusu iko darasani na bado ilifika.

Sasa kwenye kuupiga wenyewe, maana hapa ndo watu wa kwaya tunakwama. Kwanza mkono wa kushoto. Kanisani mpiga kinanda ndo anajaza kila kitu, besi yako, kodi zako (zile chords), mpaka mdundo unauweka wewe. Kwenye huu muziki gitaa limekaa chini kule na linanguruma, ukiweka na mkono wako wa kushoto huko huko chini mnapata uji, hakuna atakayesikia noti hata moja. Kwenye mazoezi pale Joensuu mpiga gitaa wetu alikuwa ananiangalia tu mkono wa kushoto, nikishusha anaacha kupiga. Zile sauti za violini na za kwaya zilizomo kwenye kinanda ziweke katikati kwenda juu, piano ibebe melodi pale gitaa linaposhika mdundo, na sehemu nyingine usipige kabisa. Sikiliza nyimbo za Oceanborn, albamu ya pili ya Nightwish, uone kinanda kinavyoingia na kutoka, mara kinakimbizana na gitaa noti kwa noti, mara kimenyamaza.

Pili, mnaosoma sol-fa, nyimbo nyingi za metali hii nyumbani kwake ni LA, siyo DO. Kwaya zetu nyingi zimezoea kutua kwenye do, furaha, aleluya. Mwambie mshkaji wa gitaa na dada wafanye mazoezi ya kupanda na kushuka wakitulia kwenye la, na ile so muipandishe nusu toni pale mnapotaka kurudi nyumbani, itatoa ule uchungu mnaoutafuta. Kama dada anajua sol-fa hapo mko mbele ya bendi nyingi, nawaambia ukweli.

Tatu ni hiyo soprano na chumba. Muimbaji aliyefundishwa kikwaya kazoea kujaza kanisa bila maiki, ukimweka kwenye kachumba na dramu halisi atapigana nayo na atapoteza, halafu mtaongeza maiki, spika zitalia piiii, mtagombana. Sisi tulikuwa tunafanya mazoezi na dramu ya umeme, sauti unapunguza kwa kitufe, dada anajisikia. Nyie ambao hamna mpiga dramu kabisa tumieni programu ya kompyuta, wala siyo aibu, na mkimpata mtu baadaye atakuta ramani imeshachorwa. Na kwenye noti za juu arudi nyuma kidogo, mbali na maiki, za chini asogelee. Hicho kitu kwaya haikumfundisha. Ile kwaya nzito unayoisikia kwenye rekodi za namna hii, nyingine ni sauti zilizorekodiwa zikapandishwa moja juu ya nyingine, nyie mna wenzenu wa kwaya wazima, soprano alto tena besi, wanywesheni soda warekodini siku moja.

Turudi kwa Nightwish. 1998 wakampata Sami Vänskä wa besi, rafiki wa Tuomas wa siku nyingi, ndo wakawa watano. Wakati huo Finland nzima vijana wanasikiliza Stratovarius, ile metali ya kukimbia, na Tuomas akaambukizwa, ukilinganisha albamu ya kwanza na ya pili utadhani ni bendi mbili. Safari hii hakuimba, ile sauti ya kiume akaja kuifanya mgeni, Tapio Wilska. Oceanborn ikatoka Desemba 1998, ikafika namba 5 kwenye chati ya albamu Finland, na singo yake, yani wimbo uliotolewa peke yake, Sacrament of Wilderness ikakamata namba 1. Mwaka uliofuata vyote viwili vikapata dhahabu nyumbani, ile tuzo ya mauzo. Mimi Oceanborn naiona ndo albamu yao bora ya miaka hiyo, najua kuna watakaonirukia na Wishmaster, albamu iliyofuata, karibuni, ila Wishmaster naona wanajirudia.

1999 kulikuwa na kupatwa kwa jua Agosti, kivuli chake kikapita na kusini mwa Ujerumani, wakatoa singo ya taratibu inaitwa Sleeping Sun na ikauza kule vizuri sana, halafu wakazunguka Ulaya wakiifungulia bendi ya Kijerumani Rage. Angalia mpangilio wenyewe: albamu, albamu, kisha ndo ziara ya maana. Mnaonishambulia semeni.

Mwaka 2000 wakajaribu kuiwakilisha Finland Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, kwa wimbo Sleepwalker. Watu wa nyumbani wakawapigia kura kwa wingi, majaji wakawaangusha, akaenda Nina Åström. Mpaka leo kuna Wafini ukiwagusa hapo wanakasirika, nilishamkuta mzee mmoja kwenye treni kanihadithia kesi nzima mpaka nikapitiliza usingizi wangu. Mei hiyo hiyo ikatoka Wishmaster ikaenda moja kwa moja namba 1 Finland, na jarida la Kijerumani Rock Hard likaichagua albamu ya mwezi, mwezi ambao Iron Maiden, wakongwe wa metali wa Uingereza, nao walikuwa na albamu mpya. Kina Tuomas walikuwa hawajafika miaka 25.

Isije ikaonekana ilikuwa mteremko. 2001 Tuomas alichoka mpaka akataka kuizika bendi kabisa, mambo ya ndani yalikuwa mabaya, Sami akaondoka, akaja Marco Hietala mwenye besi na sauti ya kiume ya kweli, ndo kile walichokikosa tangu 1997. Na 2005 wakamfukuza Tarja mwenyewe kwa barua ya wazi waliyoweka mtandaoni, baada ya shoo kubwa Helsinki. Hiyo ni habari nyingine ndefu, ila nyie watatu muandikiane mapema nyimbo ni za nani na hela inagawanywaje, hata kwenye daftari la kawaida, maana kuna mtu hapo anaandika muziki wote na kuna mtu sura na sauti yake ndo watu watakayoijua, na hao wawili siku moja watatazamana vibaya.

Kwa yule aliyesema Waafrika hatupigi metali, kaka, Nairobi bendi zipo miaka mingi, Duma walitoa albamu 2020 kwa lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikazungumzwa dunia nzima. Siyo ya melodi, ile ni kelele ya kutoboa masikio, lakini ipo. Kwa hiyo hoja hiyo tuifunge.

Umeuliza pia lugha gani. Hao waliimba Kiingereza, na kwenye albamu ya kwanza wakaweka na Kifini chao hakuna aliyekufa. Kiswahili kina irabu mwisho wa kila neno, soprano atakushukuru, atavuta a na o mpaka mbinguni. Tatizo litakuwa maneno marefu kwenye mwendo wa kasi, pale punguza silabi.

Na kuhusu dada kwenda chuo Oktoba, siyo sababu ya kusubiri. Tarja alikuwa anasoma Kuopio na bendi iko Kitee, anarudi wanarekodi, anaondoka. Rekodini nyimbo tatu kabla hajaondoka, kinanda gitaa na sauti tu. We niambie sauti yake inafika wapi juu na inaanza kuchokea wapi, na gitaa la mshkaji lina nyuzi sita au saba, ndo niwaambie mpige ufunguo gani.