Hofu Huingilia Masikioni

Nilikuwa na miaka tisa nilipoangalia picha ya kutisha kwa mara ya kwanza, katika kibanda cha video mtaani kwetu, Malindi: mabati, magunia madirishani, mabenchi, na spika kubwa kuliko mimi. Mzimu ulipoingia ndani ya nyumba nilijifunika leso ya dada yangu gubigubi, nikakaa hivyo mpaka mwisho. Usiku sikulala. Sikuwa nimeona kitu, lakini nilikuwa nimesikia kila kitu, na akili yangu ikajichorea mzimu mbaya kuliko ule wa kwenye picha.

Tangu siku hiyo sijaacha. Watu huniuliza, "Wewe huogopi?" Naogopa sana, na hiyo ndiyo raha yake. Ila nimejifunza kuogopa na kisha kulala. Kwa hivyo namwandikia mwenzangu anayezipenda picha hizi lakini zikiisha anaogopa hata kwenda msalani.

Ukizidiwa, usifumbe macho. Punguza sauti. Nililigundua hili siku spika ilipozimika katikati ya picha. Mwanamke alikuwa akipita kwenye nyumba yenye giza, na sisi sote roho mkononi. Sauti ilipokatika, akabaki mwanamke anayetembea tu. Mioyo ikatulia papo hapo.

Wanaozitengeneza wanalijua hili. Mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni katika Psycho, filamu ya 1960, yapite bila muziki. Mtunzi wake wa muziki, Bernard Herrmann, aliuandika hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, fidla zikilia kama ndege aliyenaswa. Hitchcock aliposikia, akabadili nia. Picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe, na ile damu ni sharubati ya chokoleti. Kinachokata pale ni fidla.

Ukitaka kulijaribu sikio lako bila filamu, nenda Gede, kilomita 15 hivi kutoka Malindi. Mji ule wa mawe ulihamwa karne ya 17, msitu ukauvamia. Kuta na makaburi hayanitishi. Lakini nikisimama kimya karibu na msikiti mkuu, majani makavu yakachakarika nyuma yangu, nywele hunisimama. Kumbe ni sange, mnyama mdogo wa pua ndefu, anatafuta wadudu. Zile sekunde mbili kabla sijamwona ndizo kila mwongozaji wa filamu za kutisha anazozihangaikia.

Jingine: picha ikiisha, usiende kulala moja kwa moja. Sisi tulikuwa tukitoka kibandani tunapitia kwa muuza viazi karai, kila mmoja anaiga mzimu kwa sauti yake, na hadi tunaagana mlangoni tumeshacheka vya kutosha. Anayeangalia peke yake, chini ya shuka, anajinyima dawa hiyo.

Wazazi, nawaomba kwa dhati: msimlazimishe mtoto kuangalia eti akomae. Hakomai, anaibeba hofu. Mimi nikikaa na mpwa wangu wa miaka 12, rimoti namshikisha yeye, na sauti ni yake kuiamulia. Juzi aliizima mara nne. Mara ya tano aliweka kidole kwenye kitufe, akanitazama, akakiondoa.