Mbona naitikia tu hata nikijua wamekosea?
Usijilaumu bana, kuitikia wenzako kwenye kikao huku moyoni unajua wamekosea ni kitu cha kawaida sana. Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima hilo Marekani miaka ya 1950, unaonyeshwa mistari useme upi unalingana na upi, jibu liko wazi kabisa, ila wenzako wamepangwa wataje la uongo mmoja baada ya mwingine, na karibu robo tatu ya waliopimwa walifuata mkumbo angalau mara moja! Wengine waliogopa kuchekwa, wengine wakaanza kutilia shaka macho yao. Ila akitokea hata mmoja wa kupinga presha inashuka sana, kwa hiyo ongea na mtu mapema kabla hamjaingia, au omba watu waandike maoni yao kwanza.