Dada, usiuze lenzi: fokasi ya watu wasiotulia

Wiki hii dada mmoja msomaji wangu kaniandikia ujumbe mrefu, nusu yake malalamiko. Anapiga picha za michezo na sherehe. Watu wakisimama, picha zinatoka kali hadi kope unazihesabu. Wakianza kwenda tu, uso unafifia na ukuta wa nyuma ndio unang'aa. Mpiga picha mwenye jina kubwa kuliko lake kamshauri auze lenzi atafute ya bei ya juu. Anauliza: "Kaka, niuze?"

Usiuze. Mchagua jembe si mkulima, na huyo mshauri wako nina mashaka naye.

Nilimwomba anitumie faili zenyewe, si picha zilizopitia WhatsApp, maana huko taarifa za kamera hupotea. Nikazifungua kwenye programu inayoonyesha kamera ilifokasi wapi, yaani ilielekeza wapi ukali wa picha. Kijana anakuja mbio, meno ameyauma, na alama nyekundu imekaa kwenye fulana ya mtazamaji aliyesimama nyuma yake, fulana ya mistari myeusi na myeupe. Kamera imependa mistari. Nikatazama mipangilio: fokasi ya mara moja, na pointi, yaani mahali pa kufokasi, inachaguliwa na kamera yenyewe. Ugonjwa ukawa umejitaja.

Fokasi ya mara moja, ile inayoandikwa AF-S au One Shot, hufanya kazi yake ukibonyeza kitufe nusu, kisha inaganda pale pale. Kwa mtu aliyekaa ni nzuri sana. Kwa anayetembea, piga hesabu mwenyewe: lenzi ya milimita 85 ikiwa wazi f/1.4, yaani tundu lake likiwa pana sana, mtu yuko mita 2 kutoka kwako, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 4 au 5 tu kutoka mbele hadi nyuma. Mtu wa mwendo wa kawaida huenda karibu mita 1.4 kwa sekunde. Yaani ndani ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde ameshasogea sentimita 7, na wewe kidole chako bado kinashuka. Hata lenzi ya dhahabu haitakuokoa hapo.

Dawa ni fokasi endelevu. Nikon, Sony na Fujifilm huiita AF-C, Canon huiita AI Servo au Servo. Hii haimfuati tu mtu, inakadiria atakuwa wapi shata, lile pazia linaloingiza mwanga, itakapofunguka. Ipe nafasi ya kumsoma: anza kubonyeza nusu akiwa bado mbali, usingoje afike ndipo ushtuke. Fokasi ya aina ya tatu, inayojiamulia yenyewe kama mtu katulia au anakwenda, mimi siigusi. Mara nyingi huamua mtu akiwa ameshapita.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanichoma.

Nilianza kama msaidizi wa bwana mmoja ambaye sitamtaja. Alikuwa fundi kweli, hilo simnyimi. Lakini alikuwa na tabia ya kuchukua kamera yangu mbele ya wateja, kupekua picha moja moja kwenye kioo, halafu kucheka. "Kamera hii ni ya kupiga watu waliolala," alisema siku moja, na bibi harusi akacheka naye. Nilicheka pia. Ungefanyaje? Nikimuuliza yeye anatumia mpangilio gani, jibu lilikuwa moja: nunua kamera ya maana. Siku aliponituma nikamshikie kamera yake abadilishe shati, nikatazama kioo cha juu. AF-C. Miezi yote ile alikuwa anajua, akanyamaza.

Usiku ule nilitoa kitabu cha maelekezo kwenye boksi la kamera yangu na kusoma sura ya fokasi mpaka ikaniingia. Mazoezi ya baadaye sitawachosha nayo, niliwapiga sana waendesha baiskeli. Mwezi uliopita nilipiga onyesho la ngoma kwa kamera ile ile ya watu waliolala, na waandaaji wakachagua picha yangu kwa bango lao kubwa: mcheza ngoma yuko hewani, jasho limemtoka kwenye nywele kama shanga, macho makali kabisa. Yule bwana naye alikuwepo kazini, na kamera mpya. Bango ameliona. Hajasema kitu, nami sijamuuliza.

Vijana wenzangu, mnatazama video za vifaa kutwa kucha na kitabu cha kamera hamjakifungua. Kifungueni! Humo kuna kitu ambacho wengi hawakigusi, nacho ni ukaidi wa kamera: mtu mwingine akipita mbele ya unayempiga, iendelee kumng'ang'ania wa kwanza au iruke kwa mpya? Kwa ngoma, ambako watu wanapishana, naitaka kaidi. Kwa mbio, nikitaka kuruka kutoka mkimbiaji mmoja hadi mwingine pale kwenye utepe, naitaka nyepesi. Na msinakili namba za mtu ovyo. Kwa Sony 1 ndiyo kaidi na 5 ndiyo nyepesi. Kwa Nikon ni kinyume, 5 ndiyo inayochelewa kuhama. Canon wanatumia hasi na chanya, hasi ndiyo kaidi. Ndiyo maana unafuata ushauri wa video neno kwa neno na mambo yanazidi kuharibika.

Pointi chagua wewe. Kundi dogo la pointi, liweke kifuani au usoni, usiiachie kamera uwanja mzima. Kama yako inatambua macho, itumie, ila jua kwamba wakigeuka mgongo au kuvaa kofia ngumu inaweza kupotea, hivyo kundi dogo liwe tayari kwenye kitufe cha karibu. Kuhamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma, jambo ambalo Canon walilileta na EOS 630 mwaka 1989, mimi nalipenda, lakini si lazima.

Dada, kati ya picha zako, tatu hazina tatizo la fokasi hata kidogo. Tazama chini: nyasi za miguuni kwa mkimbiaji ni kali, yeye ndiye kapakazika. Hiyo ni shata iliyochelewa kufunga. Anayetembea mpe 1/250 ya sekunde, anayecheza 1/500, anayekimbia 1/1000, ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ipande tu. Na funga tundu la lenzi kidogo, f/2.8 au f/4, usione aibu.

Umeuliza pia kuhusu ukumbi wenye giza, kwamba ile taa ndogo ya kusaidia fokasi haiwaki. Haijaharibika. Kwenye kamera nyingi taa hiyo haiwaki ukiwa kwenye fokasi endelevu. Weka pointi mahali panapokutana cheupe na cheusi: ukosi wa shati, au pale nywele zinapoanzia kwenye paji la uso.